Kutoka kwa Tarishi hadi Waifai: Historia Fupi ya Faragha ya Mawasiliano Nchini Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya faragha ya mawasiliano nchini Uganda, ikiitazama sambamba na nchi jirani. Hoja yake kuu ni kwamba mawasiliano ya mbali yamepitia mikononi mwa mtu wa kati tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mtu huyo hajulikani tena kwa sura, na masharti yake huandikwa kwa lugha ambayo watumiaji wengi hawaimudu. Makala inapendekeza kwamba ridhaa ya mtumiaji isihesabiwe kuwa ridhaa mpaka iombwe kwa lugha anayoielewa.

1.0 Utangulizi

Neno faragha lilitoholewa kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu utupu na hali ya kutokuwa na shughuli. Katika Kiswahili lilipata maana ya mahali au wakati ambapo watu wengine hawapo: mtu huitwa faragha, huzungumza faragha. Sheria za leo zimelitwika neno hilo mzigo mwingine, yaani uwezo wa mtu kujua ni nani aliye na taarifa zake, amezipataje na atazitumiaje. Anayejifungia chumbani na simu yake yuko faraghani kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili huenda yuko hadharani. Makala hii inaeleza jinsi pengo hilo lilivyopanuka.

2.0 Mtu wa kati anayejulikana

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mawasiliano ya mbali hayajawahi kukosa kata. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Barua ya zama hizo ilihitaji mchukuzi, na kwa asiyejua kusoma na kuandika, ilihitaji pia mwandishi upande mmoja na msomaji upande wa pili.

Uganda ilishuhudia hali inayofanana na hiyo karne tatu baadaye. Mwaka 2003 kampuni ya MTN ilianzisha mpango wa simu za vijijini, ambapo mwanakijiji alinunua simu na kuwauzia majirani muda wa kupiga. Mteja alizungumza habari za ugonjwa, deni au posa huku mwenye simu akiwa karibu. Kinga yake haikuwa ya kiufundi bali ya kijamii: mwenye simu alifahamika, na akitoboa siri angepoteza wateja pamoja na heshima yake.

Sheria nazo ziliiwaza faragha kwa sura ya nyumba na barua. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inalinda maskani na mawasiliano ya mtu. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inafanya vivyo hivyo. Katika picha hiyo, anayeogopwa ni mvamizi anayevunja mlango au kufungua bahasha. Mtu wa kati aliyepokea bahasha kihalali hakuonekana kuwa tishio.

3.0 Mawasiliano yanapopita hewani

Kebo za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na intaneti ikaanza kuenea katika hoteli, vyuo na migahawa kwa njia ya mitandao pasiwaya. Teknolojia hiyo ilikuwa na historia yake ya udhaifu. Usimbaji wa kwanza wa waifai, ulioitwa WEP, ulitolewa mwaka 1997. Kufikia mwaka 2001 wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir walikuwa wameonyesha namna unavyoweza kuvunjwa. WPA ya mwaka 2003 na WPA2 ya mwaka 2004 ziliziba mianya hiyo, lakini zilitegemea nywila. Mtandao wa wazi haukuwa na kinga yoyote hewani, na nywila iliyobandikwa ukutani ili kila mteja aione haikuwa siri tena.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa programu iliyoitwa Firesheep. Majukwaa mengi wakati huo yalisimba nywila wakati wa kuingia tu, kisha yakaacha wazi alama ya utambulisho iliyomwakilisha mtumiaji. Aliyekuwa na Firesheep kwenye waifai ya wazi aliweza kuinasa alama hiyo na kuingia katika akaunti ya jirani yake bila kuijua nywila. Facebook ilitoa hiari ya kusimba mawasiliano yote Januari 2011, na ikaufanya usimbaji huo kuwa wa kawaida kwa wote mwaka 2013. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo hatari imehama. Mwizi wa leo hahitaji kunasa mawimbi; anaweza kufungua waifai bandia yenye jina la hoteli, au kumpigia mtu simu na kumwomba tarakimu za uthibitisho alizotumiwa kwa ujumbe mfupi. Ukurasa halali wa kujisajili nao hudai namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kutoa intaneti ya bure. Katika hali zote hizi mtumiaji ndiye anayekabidhi taarifa zake kwa mkono wake.

4.0 Kodi ya mwaka 2018 na matokeo yake

Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Katika barua yake ya Machi mwaka huo, Rais Yoweri Museveni alikuwa ametaja madhara ya olugambo, neno la Kiganda lenye maana ya umbeya. Kwa kuwa kodi ilikusanywa kupitia laini za simu, watumiaji wengi waliikwepa kwa programu za VPN, na wengine wakahamia kwenye waifai za ofisini na hotelini.

VPN hupitisha mawasiliano katika njia iliyosimbwa hadi kwenye kompyuta ya mtoa huduma, ndipo yaendelee kwingine. Haimwondoi mtu wa kati, inambadilisha. Kile ambacho kampuni ya simu ingekiona sasa anakiona mwenye VPN, ambaye huenda yuko nchi ya mbali, na asiyetoza ada lazima apate riziki yake kwa njia nyingine. Kwa hiyo sera iliyobuniwa kwa ajili ya mapato na kudhibiti umbeya iliwasukuma wananchi kukabidhi mawasiliano yao kwa wasiowajua. Kodi hiyo ilikoma mwaka 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwa data ya intaneti. Hata hivyo, mazoea ya VPN yalibaki, hasa baada ya Facebook kufungwa nchini Januari 2021.

5.0 Ridhaa na lugha

Katikati ya kipindi hichohicho ilipitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019. Kenya ilipitisha yake mwaka huohuo, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizi zinamtambua mtu wa kati kuwa mwenye wajibu, na hayo ni mafanikio makubwa. Lakini mojawapo ya nguzo zake ni ridhaa ya mtumiaji, na ridhaa hutegemea ufahamu. Mteja wa Kampala au Gulu anayebofya “nakubali” chini ya kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria anatimiza utaratibu, lakini ni vigumu kusema kwamba ameridhia.

Istilahi nazo zimegawanyika. Tanzania inasema taarifa binafsi. Nchini Kenya husikika data ya kibinafsi. Kwingine hutumiwa usiri. Neno la mwisho lina hatari yake, kwani anayedai siri hushukiwa kuwa ana la kuficha, ilhali anayedai faragha anadai haki.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Mwenye simu wa kijijini aliwajibika kwa sababu alijulikana na alizungumza lugha ya wateja wake. Sera inaweza kurejesha sehemu ya uwajibikaji huo kwa hatua tatu. Kwanza, wasimamizi wa sheria hizi wadai kwamba ombi la ridhaa litolewe kwa lugha ya mtumiaji, kwa maneno machache, kabla ya taarifa kuchukuliwa. Kwa Uganda Kiswahili pekee hakitoshi; Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na lugha nyingine zinahitajika pia. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifu istilahi za faragha ili kanuni za nchi wanachama zisomeke kwa namna moja. Tatu, watoa waifai ya umma wazuiwe kudai taarifa wasizozihitaji ili kutoa huduma. Taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa wala kuuzwa.