Mngoja Nyumba wa Ngombezi

Kukabidhiwa nyumba ya mtu ni heshima, na tena ni mzigo. Mwenye nyumba asafiripo hamwachii mngoja kuta na mabati tu. Humwachia siri zake, vyombo vyake, na jina lake mbele ya majirani. Wazee wetu waliliita jambo hili amana, neno lenye pande mbili: kitu kilichowekwa, na uaminifu wa yule aliyewekewa. Insha hii yakusudia kueleza jinsi amana ya nyumba ilivyobadilika katika nchi ya Korogwe, hasa Ngombezi, tangu siku za mashamba ya mkonge mpaka siku hizi za vyombo vyenye akili, yaani kamera zionazo kutoka mbali, vitasa vifunguliwavyo kwa namba, na taa zinazotii amri ya simu.

Historia ya Ngombezi haitengani na historia ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mmea huo kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo vichache ilizaliwa biashara kubwa ya nchi nzima. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde la Mto Pangani likajaa mistari ya mkonge iliyonyoka kama mistari ya daftari. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za singa. Baadaye bei ikaanguka; baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba; na mwaka 1998 mashamba matano, yaani Ngombezi, Hale, Magoma, Mwelya na Magunga, yakarudi katika mikono ya kampuni.

Mkonge ulihitaji watu wengi, na watu hao waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba ikatangulia jina. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Siku iliyotimizwa ilitiwa alama, na mshahara ulingoja kipande kijae. Katika Kenya ya wakoloni kipande kilikuwa kitu kingine: cheti cha kumtambulisha mtu, kilichotiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Majina yalikuwa sawa na matumizi mbalimbali, lakini wazo lilikuwa moja. Mwenye mali hakutaka kumjua mtu. Alitaka chombo kimjue kwa niaba yake.

Juu ya kilima, mbali kidogo na kambi za manamba, zilikaa nyumba za mameneja. Kila baada ya miaka michache meneja alikwenda Ulaya kwa likizo ya miezi kadhaa, na nyumba ilibaki katika mikono ya mtumishi aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu. Mtu huyo alilinda vyombo ambavyo nyumbani kwake havikuwako: jokofu la mafuta ya taa, lililotaka utambi wake usafishwe, santuri, ambayo hakuruhusiwa kuipiga, na saa ya ukutani, iliyotaka kutiwa ufunguo. Alijua tabia za vyombo hivyo kuliko mwenyewe, lakini havikuwa vyake. Hata hivyo, alikuwa na faraja moja ambayo yafaa tuikumbuke. Bwana akishapanda meli, nyumba ilinyamaza. Jokofu halikumwandikia bwana barua. Kwa miezi hiyo uaminifu wa mngoja ulikuwa wake mwenyewe, na aliporudisha funguo na vitu vyote vikiwa salama, sifa ilikuwa yake.

Si ajabu kwa watu wa pwani kuona nyumba inayoshangaza kwa vyombo vyake. Zanzibar, mwaka 1883, Sultani Barghash bin Said alijenga jumba lililokuja kuitwa Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, na miongoni mwa maajabu yaliyolipa sifa ni taa za umeme na lifti. Tofauti ni kwamba ajabu ya zamani ilimtaka mtu aitazame. Ajabu ya leo yamtazama mtu.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mitambo ya umeme ya Hale, katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, ilianza kazi mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21. Lakini kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vichwa vya wanavijiji bila ya kushuka. Katika miaka ya 1990 ikaja Luku, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Mambo haya mawili yakiunganishwa, mtu aliyeko Dar es Salaam au Maskati aliweza kununua umeme wa nyumba yake ya Ngombezi na kumtumia mngoja tarakimu 20 ili azibonyeze katika mita. Hapo mwenye nyumba alianza kuwapo asipokuwapo. Lakini mkono wa mngoja ulikuwa bado wahitajiwa. Vyombo vyenye akili vimekuja kuuondoa mkono huo, na kubakiza macho.

Nitatoa kisa kimoja nilichokishuhudia. Jamaa yangu mmoja, afanyaye kazi ng'ambo, alijenga nyumba Ngombezi na kumweka mzee mmoja aingoje. Mzee huyo alizaliwa katika kambi ya mkonge, mtoto wa manamba. Alipofundishwa namba ya kufungulia mlango alicheka, akasema: "Baba yangu alipewa namba, na mimi nimepewa namba. Yangu angalau yafungua mlango." Siku chache baadaye, alipokuwa amekaa barazani ndani ya ua, sauti ilitoka ukutani ikiuliza kwa nini taa ya nje yawaka mchana. Mzee aligeuka kulia na kushoto, kisha akajibu: "Wewe nani? Mbona hukupiga hodi?" Mwenye sauti alikuwa kijana wa umri wa wanawe, wala hakutanguliza shikamoo.

Tangu siku hiyo mzee akawa anaifunika kamera ya uani kwa kofia yake kila alipotaka kuoga au kula. Usiku mmoja alisahau kuiondoa. Mwenye nyumba aliona giza katika simu yake, akadhani wezi wameingia, akawapigia majirani. Walikuja na marungu, wakamkuta mzee akinywa chai. Hakupigwa, lakini asubuhi habari ilikuwa imeenea kwamba mzee fulani alishukiwa wizi. Alifunga mzigo wake. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Nimelinda mali za watu miaka 40, na hakuna aliyenihesabu vijiko. Leo kofia yangu imenitolea ushahidi wa uongo."

Ningeweza kumlaumu jamaa yangu peke yake, kama nisingaliwahi kuonja mwenyewe upande wa pili. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu, niliachiwa nyumba ya mwenyeji wangu kwa majuma matatu ya baridi. Joto la nyumba liliamriwa kwa simu, na simu ilikuwa kwake. Nilipoongeza moto usiku, yeye alipunguza kutoka mahali alipokuwa akipumzika, wala hakusema neno. Tulishindana hivyo kwa siku nne, kimya kimya, mimi nikiwa nimevaa koti kitandani. Nilikuwa mgeni, mlinzi na mshukiwa kwa wakati mmoja. Mtu aliye mbali aliona kipimo cha joto. Baridi yangu hakuiona.

Hapana shaka mwenye nyumba ana haki ya kulinda mali yake. Wezi wako, na wangoja wasio waaminifu wako pia. Lakini kamera haimpunguzii mtu watu wa kuwaamini, huwabadilisha tu. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, inayomilikiwa na Amazon, kwa kuwaacha wafanyakazi wake watazame picha za siri za nyumba za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Basi yule aliyeogopa macho ya mngoja mmoja alikuwa amejifungulia macho ya wengi asiowajua.

Nchi yetu haikukaa bila ya sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yaheshimu faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini sheria haikai uani pamoja na mzee na kofia yake. Hapo desturi ndiyo hakimu wa kwanza, na desturi yetu ina neno moja lililotangulia sheria zote hizo: hodi. Hodi si kelele ya mlangoni. Ni kukiri kwamba aliye ndani, awe mwenyewe au mtumishi, ana haki ya kujua kwamba mtu anaingia, na nafasi ya kujisitiri kabla hajaonekana.

Jamaa yangu alilitambua hili kwa kuchelewa, lakini alilitambua. Alisafiri hadi Ngombezi, akamwamkia mzee, akaomba radhi mbele ya wale wale majirani waliokuja na marungu. Kamera ya uani iliondolewa ikawekwa langoni, inakotazama barabara. Wakapatana kwamba asemaye kwa kupitia chombo apige simu kwanza. Mzee alifungua mzigo wake.

Tangu kipande mpaka kamera, wenye mali wametafuta chombo cha kuwajua watu pasipo kuzungumza nao. Kila chombo kimewapa hesabu, na hakuna kilichowapa amana. Amana haihifadhiwi katika mashine. Huwekwa na mtu kwa mtu, na aiwekaye hana budi kwanza kubisha hodi.