Chui wa Kibo na Deni la Mwanzo: Miisho Miwili ya Hadithi Moja

Katika mijadala ya riwaya ya Kiswahili, mwisho wa kazi mara nyingi hupimwa kwa hatima ya mhusika mkuu: akiokoka, mwisho huitwa mwema, akifa, huitwa wa huzuni. Kipimo hicho hakielezi kwa nini msomaji huridhika na vifo fulani na kubaki na kiu mbele ya wokovu fulani. Historia ya hadithi moja iliyochimbuka kwenye kilele cha Kibo, juu ya mji wa Moshi, inaliangaza suala hili, kwa kuwa hadithi hiyo ilipewa miisho miwili inayopingana.

Mwaka 1926 Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyetumikia misheni kaskazini mwa Tanganyika, aliukuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,600 juu ya usawa wa bahari. Alikata kipande cha sikio kiwe ushahidi. Kreta ya ndani ya Kibo ina jina lake hadi leo, na wapanda mlima hupaita mahali pa mzoga ule Leopard Point. Chui alifuata nini kwenye barafu isiyo na windo? Swali hilo likabaki mlimani.

Ernest Hemingway aliwinda katika Afrika Mashariki mwaka 1933 na 1934. Januari 1934 aliugua ugonjwa wa kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege ndogo hadi Nairobi, akatibiwa na kupona. Agosti 1936 jarida la Esquire lilichapisha hadithi yake fupi “The Snows of Kilimanjaro.” Hadithi inatanguliwa na maelezo mafupi kuhusu mlima na chui aliyekauka karibu na kilele, kisha chui hatajwi tena. Harry, mwandishi aliyeiacha kazi yake kwa kuzoea starehe za mali ya mkewe, yuko kambini nyikani, mguu unaoza kwa mchomo wa mwiba uliopuuzwa, naye anayakumbuka yote aliyokusudia kuyaandika. Mwishoni ndege inafika, inamchukua, inaelekea kwenye kilele cheupe. Ndipo usimulizi unaporudi kambini: fisi analia, mke anaamka, Harry amekwisha kufa. Safari ilikuwa ya njozi.

Mwaka 1952 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu ya hadithi hiyo, ikiongozwa na Henry King, Gregory Peck akiwa Harry. Humo Harry anapona. Cha kuzingatiwa ni kwamba mwisho huu unakaribia zaidi yaliyompata mtunzi mwenyewe, ambaye ndege ilimwokoa. Hata hivyo, ukweli wa maisha haukuusaidia msuko. Chui wa mwanzo alikuwa amekufa akipanda. Harry alikuwa amekataa kupanda muda wote aliokuwa na nguvu. Kifo chake, kilele akikiona katika njozi tu, kinamweka kando ya chui yule na kuupa mwanzo uzito wake. Harry aliyepona hahitaji kilele, na chui anakuwa kitendawili cha pembeni.

Kanuni hiyo haimhusu Hemingway peke yake. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda, Euphrase Kezilahabi anaanza na Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anaishia kujiua. Lau riwaya ingekomea hapo, kifo kingesomwa kama adhabu ya msichana aliyepotoka. Kezilahabi anaendelea hadi mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanakabiliana. Ukali wa baba unarudi katika hesabu ya mwisho, na lawama haimwangukii Rosa peke yake.

Kwa hiyo kuridhika kwa msomaji hakutokani na heri wala shari ya mhusika. Mwanzo humkopesha mtunzi usikivu wa msomaji kwa swali maalumu, na mwisho hulipa deni hilo hilo, si jingine. Kulipa si lazima kuwe kujibu: hadithi ya 1936 haisemi chui alitafuta nini. Inamleta tu mtu wa pili chini ya mlima ule ule, akiwa amechelewa kuuliza.