Theluji ya utotoni: je, zamani ilianguka nyingi kweli?

Kama una ndugu anayeishi Ulaya au Kanada, huenda umemsikia akisema kwamba wazee wa huko, Desemba inapofika, huanza kulalamika: theluji imekwisha, baridi ya siku hizi si baridi, sisi tulipokuwa watoto ilitufika kiunoni. Maneno hayo hayako mbali na ya wazee wetu wanaposema kwamba mvua za zamani ndizo zilikuwa mvua.

Makala hii inaeleza theluji ni nini, kwa nini watu waliokua nayo huikumbuka sana, na kama kumbukumbu zao zinalingana na vipimo. Tutatumia zaidi mfano wa Uingereza, kwa sababu kumbukumbu za joto na baridi za huko zimeandikwa kwa miaka mingi. Kisha tutautazama Mlima Kilimanjaro.

Theluji ni nini?

Theluji si mvua ya mawe, wala si barafu ngumu kama ya kwenye friji. Juu mawinguni, mvuke wa maji unapopoa chini ya nyuzi sifuri, huganda na kuwa chembe ndogo zenye pembe sita. Chembe hizo hushikana, zikawa vipande vyepesi kama usufi, zikaanguka polepole. Hewa ya karibu na ardhi ikiwa na joto kidogo, huyeyuka njiani na kufika chini zikiwa mvua.

Kwa hiyo, mahali pengi Ulaya, tofauti ya nyuzi moja au mbili tu ndiyo inayoamua kama watoto wataamka wakute uwanja mweupe au matope.

Theluji mpya imejaa hewa katikati ya chembe zake, na hewa hiyo humeza sauti. Ndiyo maana kijiji kilichofunikwa na theluji huwa kimya isivyo kawaida. Tena theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, hata usiku wenye mbalamwezi mtu huona mbali. Ukimya huo na weupe huo ndivyo watu wazima husimulia kwanza wanapokumbuka utoto wao.

Baridi ya mwaka 1963

Mwingereza aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule hana haja ya kutafuta mwaka. Theluji ilianza kuanguka tarehe 26 Desemba 1962, siku moja baada ya Krismasi, na sehemu nyingi za nchi zilibaki nyeupe hadi mwanzoni mwa Machi 1963. Upepo uliirundika theluji, na mahali pengine marundo yalifika urefu wa mita 6. Huko Herne Bay, kusini-mashariki mwa England, bahari yenyewe iliganda kutoka ufukweni. Katikati ya England, wastani wa joto la mwezi Januari ulikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri.

Wapenzi wa soka nao wana lao la kukumbuka. Raundi ya tatu ya Kombe la FA, ambayo kwa kawaida humalizika katika siku chache, ilichukua siku 66 kwa sababu viwanja vilikuwa vimeganda.

Kwa mtoto, hiyo ilikuwa sikukuu ndefu: kurushiana matonge ya theluji, kuteleza mteremkoni juu ya ubao, kujenga sanamu la mtu na kulivisha kofia ya baba. Kwa mkulima, ilikuwa kuchimbua kondoo waliofukiwa wakiwa hai. Kwa mama, mabomba ya maji yaliyoganda na makaa ya mawe yanayopungua ghalani. Ndege wa porini walikufa kwa wingi sana. Msiba ni uleule na mwezi ni uleule, ila mtoto na mkubwa waliupitia kwa njia mbili tofauti.

Kwa nini theluji hukumbukwa kuwa nyingi?

Kwanza, urefu. Theluji ya nusu mita humfika mtu mzima magotini, lakini mtoto wa miaka mitano humfika kiunoni. Mzee anayesema ilimfika kiunoni hasemi uongo. Ni kiuno chake ndicho kilichopanda.

Pili, akili hushika jambo lisilo la kawaida. Siku mia moja za mvua na matope hazina hadithi. Siku tatu ambazo shule ilifungwa hubaki maisha yote, na kadiri miaka inavyopita, siku hizo tatu hugeuka kuwa "kila mwaka".

Tatu, mtoto hakubeba mzigo. Kuni, chakula na wagonjwa vilikuwa juu ya wakubwa. Mtu anapoililia theluji ya zamani, mara nyingi anawalilia pia wazazi waliomkinga na ubaya wake.

Nne, hadithi na picha. Mwandishi Charles Dickens alizaliwa mwaka 1812, katika mwongo uliokuwa na baridi kali. Mwezi Februari 1814 mto Thames uliganda jijini London, watu wakafanya gulio juu ya barafu. Halikufanyika jingine tena. Vitabu vyake vya Krismasi, alivyoanza kuvitoa mwaka 1843, vilisaidia kueneza picha ya Krismasi yenye theluji. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya Uingereza, theluji kutanda ardhini siku ya Krismasi ni jambo la nadra.

Vipimo vinasema nini?

Rekodi ya joto la katikati ya England inarudi nyuma hadi mwaka 1659. Inatueleza mambo mawili, na yote mawili ni kweli.

La kwanza, baridi ya 1963 haikuwa kawaida hata kwa watu wa zamani. Tangu mwaka 1740 England haikuwa imepata majira ya baridi makali kama hayo. Anayesema utoto wake wote ulikuwa hivyo ameuchukua mwaka mmoja akaufanya miaka kumi.

La pili, majira ya baridi kwa jumla yamekuwa na joto zaidi kuliko zamani. Dunia nzima imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Kumbuka tulivyosema: nyuzi moja yatosha kugeuza theluji kuwa mvua. Bado hutokea miaka ya baridi kali, kama Desemba 2010, lakini kwa jumla theluji imepungua. Basi mzee ametia chumvi katika kiasi, lakini hajakosea kuhusu mwelekeo.

Na Kilimanjaro je?

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima ukiwa na kilele cheupe. Aliandika kwamba mmoja wa wenyeji aliofuatana nao aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Taarifa ilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 ilibaki chini ya kilomita za mraba 2. Wazee wa Moshi na Rombo wanaosema mlima ulikuwa mweupe zaidi walipokuwa watoto wanaungwa mkono na ramani na picha. Wataalamu hutaja sababu mbili: kuongezeka kwa joto, na hewa kuwa kavu zaidi hata theluji mpya haitoshi kuifunika barafu ya zamani.

Usichanganye vitu viwili. Weupe unaouona baada ya mvua kubwa ni theluji mpya, ambayo yaweza kutoweka katika siku chache. Barafu ya kudumu ndiyo inayokwisha. Hata hivyo, maji mengi ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima, si barafu ya kileleni. Kwa mkulima wa mabondeni, msitu ndio wa kulindwa kwanza.

Namna ya kumuuliza mzee

Kumbukumbu za wazee zina thamani, hasa mahali ambapo hapakuwa na kipima mvua. Usimuulize tu, "Zamani hali ilikuwaje?" Muulize ilikuwa mwaka gani, na kulitokea nini kingine mwaka huo: mvua kubwa za 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, au za El Niño za 1997. Muulize maji yalifika wapi, na akuonyeshe mti au jiwe. Muulize pia mwaka uliofuata ulikuwaje, maana ndio ambao watu husahau. Andika majibu pamoja na tarehe. Wewe nawe anza kuandika siku mvua inapoanza na inapokatika, ili wajukuu wako wakikuuliza uwe na daftari la kuwaonyesha.