Kamba Waliotatiza Nyambizi

Vita vya Pili vya Dunia huwa tunavisimulia kwa ndege na vifaru. Mimi nataka tuviangalie kupitia kamba, tena si yule mnono wa kuagizwa hotelini. Huyu ana urefu wa kidole tu, na gando lake moja limevimba hadi kufikia karibu nusu ya mwili wake.

Marekani ilipoingia vitani na Japani Desemba 1941, wanamaji wake walikuwa wakishusha maikrofoni baharini kuwinda nyambizi kwa masikio. Sehemu nyingi walisikia mtatariko usioisha, kama bhajia zikitumbukizwa kwenye karai la mafuta moto, usiku na mchana.

Fumbo hilo likawafikia watafiti wa vita wa Chuo Kikuu cha California, kule San Diego. Ninayempenda zaidi ni Martin Johnson, mwanabiolojia aliyezoea kuchungulia viumbe wadogo wa baharini, sasa akifanya kazi na watu wa sauti na mitambo. Walilinganisha sehemu kwa sehemu. Penye maji ya vuguvugu yasiyozidi mita 55 hivi, mawe, matumbawe na sponji za kujifichia, kelele ilijaa. Penye sakafu tupu, ilififia. Kumbe ukijua kamba wanaishi wapi, unajua sikio lako litazibwa wapi. Na la adui pia, bana: nyambizi ingeweza kujificha humo humo ndani ya kelele. Ripoti ya Johnson na wenzake wawili ilichapishwa 1947.

Bado watu waliamini ni gando linalogongana tu. Mwaka 2000 ndipo Michel Versluis na wenzake walipotumia kamera ya kasi wakaona gando likifunga hufyatua maji kwa nguvu hadi kiputo kinazuka. Kiputo kikiporomoka, ndicho kinacholia. Mwaka uliofuata wakaonyesha kinatoa hata mwanga, joto ndani yake likifika nyuzi 4,700 hivi. Si mchezo.

Jeshi liliita hiyo kelele. Kwa kamba mwenyewe ni silaha ya kuzimisha windo, na onyo kwa jirani anayesogelea shimo lake. Gando hilo likikatika, lile dogo la upande wa pili hukua likawa bunduki mpya. Wapo wa Bahari ya Hindi wasioona vizuri, ambao huchimba shimo mchangani na kuishi humo na samaki mdogo. Kamba akitoka kumwaga mchanga, unywele wake wa kupapasia haubanduki mwilini mwa samaki. Mkia ukitikisika, wote wawili ndani.