Sindano ya Taya na Mnyama Asiyesema

Kiungo cha taya, kilicho mbele ya sikio, ndicho tutumiacho kutafunia, kupigia miayo na kusemea. Gegedu lake lichakaapo, mgonjwa husikia maumivu na mlio, na kinywa hakifunguki sawasawa. Katika makala haya twataka kueleza jinsi tiba ya sindano ya kiungo hicho ilivyojaribiwa kwa wanyama, na swali ambalo majaribio hayo hayawezi kulijibu.

Mwaka 1949 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza nafuu waliyoipata wagonjwa wa baridi yabisi kwa kortizoni. Mwaka 1951 Joseph Hollander alieleza namna ya kutia haidrokortizoni ndani ya kiungo chenyewe, na kufika mwaka 1953 dawa hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa katika taya za watu. Mwaka 1966 Mankin na Conger walionyesha kuwa, katika viungo vya sungura, haidrokortizoni hupunguza kazi ya gegedu ya kujijengea protini. Hivyo mwanadamu alitangulia, na mnyama akaja nyuma kutoa onyo: maumivu yaweza kuondoka hali kiungo kinazidi kuharibika.

Dawa ya pili ina asili nyingine. Mwaka 1934, mjini New York, Karl Meyer na John Palmer walitenga asidi ya hailuroniki kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kioo. Baadaye Endre Balazs aliisafisha kutoka katika upanga wa jogoo, na mwaka 1970 yeye na wenzake walitoa habari za kuitia katika viungo vya farasi wa mashindano. Asidi hiyo ndiyo iufanyayo ute wa kiungo kuwa mzito na wenye kuteleza. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, aliupa ute huo jina ambalo aghalabu huelezwa kuwa latokana na yai. Kiswahili kiliona mfano uo huo bila ya kufundishwa naye, kwani nasi twasema ute wa yai.

Mwaka 1985 Sigvard Kopp na wenzake, nchini Sweden, waliilinganisha asidi hiyo na kortizoni katika taya za wagonjwa. Wataalamu wa Adelaide, Australia, nao walitengeneza ugonjwa huo katika taya za kondoo kwa kuliharibu gegedu makusudi, wakaeleza habari zake mwaka 1992. Na mwaka 1997 ikaelezwa kuwa sindano za asidi hiyo, zikirudiwa mapema, zilizuia uchakavu usiendelee. Hapa tena mnyama alikuja baada ya mtu.

Yatupasa basi kupima ushahidi huu kwa uangalifu. Kondoo hucheua, na taya lake huenda upande kwa upande kuliko letu. Tena jeraha lake lilifanywa kwa siku moja, hali uchakavu wetu huja kwa miaka. Lililo kubwa zaidi ni hili: gegedu la kondoo hukatwa na kutazamwa kwa darubini, jambo ambalo mgonjwa hatendewi, naye mgonjwa huulizwa, "Wasikiaje?", jambo ambalo kondoo hawezi kujibu. Mmoja atoa ushahidi wa nyama bila neno, mwingine atoa neno bila nyama.

Kwa hiyo asemaye kuwa dawa "imefaa" hana budi kueleza imefaa nini: gegedu, au maumivu? Mwaka 1959 Russell na Burch, nchini Uingereza, walihimiza wanyama wa majaribio watumiwe wachache, kwa maumivu machache, na pale tu ambapo hapana njia nyingine. Nasi twaongeza kwamba mnyama aliyeharibiwa taya kwa ajili yetu anastahili angalau swali lililoulizwa kwa maneno yaliyo wazi. Maana swali likiwa na utata, mateso yake yamekwenda bure.