Mnandi, Mwani na Nusu ya Shairi: Nembo ya Liverpool

Nembo ya mji ni matini, na haina budi kusomwa pamoja na yale inayoyanyamazia. Nembo ya Liverpool, iliyoidhinishwa mwaka 1797, ni kielelezo cha hoja hii.

Katikati ya ngao pana mnandi mwenye mwani mdomoni. Inaaminika kwamba muhuri wa kale wa mji huo, uliopewa hati na Mfalme John mwaka 1207, ulikuwa na tai, ishara ya Mtakatifu Yohana. Muhuri ulipotea mji ulipozingirwa mwaka 1644. Uliochongwa baadaye ukazaa ndege mwingine. Ngao hushikiliwa na Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, na Triton apulizaye kombe: bahari imefanywa mtumishi wa mji.

Uzito wa nembo, hata hivyo, umo katika kaulimbiu yake ya Kilatini, iliyotolewa katika shairi la kwanza la Eclogae za Virgil. Humo mchungaji Tityrus anamshukuru mungu kwa raha aliyojaliwa, ilhali mwenzake Meliboeus amenyang'anywa shamba na anakwenda uhamishoni. Mji ulitwaa shukrani ya Tityrus, ukaacha kilio cha Meliboeus. Wakati huo Liverpool ilikuwa bandari kuu ya Uingereza katika biashara ya watumwa, iliyopigwa marufuku mwaka 1807. Waliosafirishwa kwa merikebu zake hawamo katika ngao. Wamo katika nusu ya shairi isiyonukuliwa. Baraza la jiji liliomba radhi mwaka 1999. Kaulimbiu ilibaki.