Mwandishi wa Mtaa wa Madalali

Mumbai, katika eneo la kale la Fort, kuna mtaa mwembamba uitwao Dalal Street. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Dalal ndiye dalali wetu yuleyule. Neno lilitoka Uarabuni likasafiri na biashara hadi pande zote za Bahari ya Hindi. Mtaani hapo ndipo lilipo Soko la Hisa la Bombay, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1875. Na mwandishi aliyelitikisa soko hilo kuliko mwingine yeyote anaitwa, kwa sadfa ya kupendeza, Sucheta Dalal.

Alizaliwa mwaka 1962, akasoma takwimu Dharwad na baadaye sheria Mumbai. Mwaka 1984 alianza kazi katika jarida la uwekezaji, akapitia magazeti ya biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa katika gazeti la Times of India.

Soko alilolikuta halikuwa na kompyuta. Madalali walijazana ulingoni wakipigiana kelele, wakioneshana bei kwa vidole, na hisa zenyewe zilikuwa vyeti vya karatasi. Bei nazo zilikuwa zimeshikwa na wazimu. Fahirisi ya soko hilo, Sensex, iliyokuwa karibu 1,200 Aprili 1991, ilifika 4,467 mwaka mmoja baadaye. Hisa ya kampuni ya saruji ya ACC ilipanda kutoka kama rupia 200 hadi karibu 9,000. Shujaa wa wakati huo alikuwa Harshad Mehta, aliyewahi kuwa karani wa bima, sasa dalali mwenye gari la Lexus na makazi ya kifahari kando ya bahari, Worli. Magazeti yalimshangilia. Dalal alishikilia swali ambalo mama yeyote wa kikoba angeliuliza: fedha zote hizi zinatoka wapi?

Jibu lilikuwa limelala kwenye karatasi moja isiyo na mvuto wowote. Sheria iliyabana mabenki ya India kuweka sehemu kubwa ya amana zao katika hati fungani za serikali. Benki iliyoishiwa fedha iliiuzia nyingine hati zake, kwa ahadi ya kuzinunua tena baada ya siku chache, na dalali akawa kiungo kati yao. Hati hazikutoka kabatini. Mnunuzi alipewa stakabadhi tu, yenye kusema kwamba mauzo yamefanyika na mali yake imehifadhiwa kwa muuzaji. Basi benki mbili ndogo, Bank of Karad na Metropolitan Co-operative, zikatoa stakabadhi ambazo hazikuwa na hati yoyote nyuma yake. Benki kubwa zilitoa fedha kwa kuamini karatasi hizo; hundi iliyoandikwa jina la benki iliishia katika akaunti ya Mehta, na kutoka hapo ikaenda kununua hisa.

Aprili 23, 1992, Dalal aliandika kwamba State Bank of India, benki kubwa kuliko zote nchini, ilikuwa na pengo la rupia bilioni 5 na ilikuwa ikidai lizibwe. Soko likaporomoka. Kamati iliyoundwa na Benki Kuu ilikuta fedha zilizopotea zinazidi bilioni 40. Mehta alikamatwa, akaandamwa na kesi kwa miaka, na akafariki akiwa kizuizini Thane siku ya mwisho ya mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 47.

Kinachostahili sifa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Dalal hakuitelekeza habari hiyo baada ya kishindo. Yeye na mumewe, Debashis Basu, waliandika kitabu kizima mwaka 1993 kueleza nani alinufaika na nani aliponyoka. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya Padma Shri, na mwaka huohuo jarida lao la Moneylife likaanza, kwa ajili ya mwananchi mwenye akiba ndogo. Kizazi kipya kilimfahamu mwaka 2020 kupitia tamthilia ya Scam 1992.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 2015. Baada ya kashfa ya Mehta, India ilikuwa imepata soko jipya la hisa, NSE, lililoanza biashara mwaka 1994 kwa kompyuta badala ya kelele za ulingoni. Moneylife ikachapisha barua ya mtoa siri aliyedai kwamba wafanyabiashara fulani walikuwa wakizipata bei za NSE mapema kuliko wenzao. NSE iliwashtaki Dalal na Basu kwa kulichafua jina lake, ikidai fidia ya rupia bilioni 1 na kutaka makala hayo yazuiwe. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Bombay ilikataa kuyazuia, na ikaliamuru soko lilipe rupia milioni 5: laki 3 kwa waandishi hao wawili, zilizobaki kwa hospitali.